Mtoto Mwenye Usonji: Hulka Yake na Hofu Yake

 

Mwezi huu tumekusudia kusema juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi za Kiislamu, lakini hutajwa kwa kunong'ona kana kwamba ni aibu. Nalo ni hali ya mtoto mwenye usonji, na khasa hofu inayomkaa moyoni mtoto huyo, ambayo sisi wazee na walimu twaiona kwa macho yetu tusiijue, tukaiita utundu, tukaiita jeuri, tukaiita shetani. Tumelichagua jambo hili kwa kuwa sisi wenyewe tulilikosea, na mkosa akikiri kosa lake huwaonyesha wenziwe shimo lilipo.

KISA CHENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa chuoni petu mtoto mwanamume wa miaka 8. Siku za mwanzo tulikistaajabia kipawa chake, maana sura tuliyomsomea mara mbili aliishika, na mara ya tatu aliisoma yeye bila ya kuacha herufi. Lakini alikuwa na mambo yake. Hakumtazama mtu usoni. Alikaa pahali pamoja tu, kwenye ncha ya mkeka karibu na mlango, na mwenziwe akimtangulia kukaa hapo alilia kama aliyefiwa. Wanafunzi wote wakisoma pamoja kwa sauti, kama ilivyo desturi ya vyuo vyetu, yeye aliziba masikio kwa viganja akawa anayumba mbele na nyuma. Na kila siku, tena mara nyingi kwa siku, aliuliza swali moja: "Maalim, tutatoka adhana ya Alasiri?" Tukimjibu ndiyo, baada ya kitambo kidogo aliuliza tena.

Siku moja paa la chuo lilikuwa likitengenezwa, tukawahamishia watoto ukumbini mwa nyumba ya jirani. Mtoto yule alikataa kuingia. Tulimwamrisha, akajitupa chini, akapiga makelele, akajiuma mkono. Wenziwe wakacheka. Nasi, kwa kuona kwamba hishima ya mwalimu inapotea mbele ya watoto, tulimchapa bakora. Hakunyamaza, alizidi, mpaka sauti ikamkauka.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, mamake alitujia nyumbani pamoja na kaka yake. Hakuja kugombana. Alisema: "Maalim, sikuja kukulaumu, wewe ni mzee wetu na mtoto nimekukabidhi. Lakini mwanangu si mtundu. Mwanangu anaogopa. Tangu kurudi hajala, na kila akisikia hatua za mtu uani huingia uvunguni mwa kitanda." Kisha akatueleza kwamba madaktari walikwisha mwambia kuwa mtoto ana usonji, naye aliona haya kutwambia siku ya kumleta, akihofu tutamkataa.

Hatukuwa na jibu. Mtu aliyefundisha watoto miaka mingi hudhani kuwa anamjua mtoto mtundu na mtoto mwoga kwa kumtazama tu. Kumbe huyu mmoja tulimtazama kila siku tusimjue. Tangu usiku ule tumewauliza waliosoma, na tumesoma yaliyoandikwa, na haya ndiyo tuliyoyapata.

USONJI NI NINI?

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Ni namna ubongo ulivyoumbwa na kukua tangu mwanzo, inayomfanya mtu aone, asikie na aelewe mambo kwa njia iliyo mbali na ya wengi. Alama zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni uzito katika kuzungumza na kuchanganyika na watu: mwingine hasemi kabisa, mwingine husema sana, lakini juu ya jambo moja alipendalo, na mwingine hafahamu mzaha wala ishara ya jicho. Ya pili ni kushikamana na mambo yale yale: njia ile ile, sahani ile ile, mchezo ule ule. Pamoja na hayo, aghalabu masikio, macho, ngozi au ulimi wake huhisi kupita kiasi, au pengine huhisi kidogo mno.

Wala wenye usonji si namna moja. Wako wanaohitaji kusaidiwa katika kila jambo umri wao wote, na wako wanaosoma hata vyuo vikuu, wakaoa na kuolewa na kulea watoto. Huonekana zaidi kwa wavulana, lakini wasichana nao wanao, na wengi wao hawajulikani upesi kwa kuwa hujitahidi kuwaiga wenzao na kuficha taabu yao. Shirika la Afya Ulimwenguni limekisia kwamba mwaka 2021, katika kila watu 127 duniani, mmoja alikuwa na hali hii. Kwa hesabu hiyo, msikiti wenye watu 500 siku ya Ijumaa wafaa kutarajia kuwa nao 3 au 4. Asiyewaona ajiulize wako wapi. Huenda wamefungiwa majumbani.

Habari za usonji zilianza kuenea baada ya daktari Leo Kanner, wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, kuandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 aliowachunguza. Wa kwanza katika watoto hao alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Kabla hajatimiza miaka 3 alikuwa amekwisha hifadhi Zaburi ya 23, na maswali na majibu 25 ya mafundisho ya kanisa la wazee wake. Tuliposoma hayo tulimkumbuka mtoto wetu wa mlangoni. Lakini Donald huyo huyo, mpango wake ukivurugwa kidogo tu, alighadhibika ghadhabu isiyozuilika. Na Kanner, tangu mwaka ule, aliandika kwamba watoto wale walikuwa na shauku kubwa, yenye hofu ndani yake, ya kutaka kila kitu kibaki kama kilivyokuwa. Basi hofu haikugunduliwa leo. Imo tangu ukurasa wa kwanza.

Hapana budi tuseme pia yale yasiyokuwa sababu ya usonji, maana katika hayo watu wengi wamedhulumiwa. Kwa miaka mingi walikuwako wataalamu, naye Bruno Bettelheim ni mashuhuri wao, walioshikilia kwamba mtoto huwa hivi kwa sababu ya mama asiye na mapenzi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mtaalamu wa elimu ya nafsi ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kuonyesha kwamba chanzo ki katika maumbile ya mwili, wala si katika moyo wa mama. Leo hapana mwanachuoni wa mambo haya anayemlaumu mama. Kadhalika mwaka 1998 ilichapishwa makala mjini London iliyowatia watu shaka kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Makala hiyo ilifutwa na gazeti lile lile lililoichapisha, mwaka 2010, na uchunguzi wa watoto wengi katika nchi mbali mbali haukuona uhusiano wowote. Basi mzazi asimnyime mwanawe chanjo kwa uvumi.

MAMBO MATATU YASIYOFAA KUCHANGANYWA

Anayetaka kumfahamu mtoto mwenye usonji hana budi kupambanua mambo matatu: usonji wenyewe, hulka ya mtoto, na hofu.

Usonji tumekwisha ueleza. Ama hulka, ni ile tabia anayozaliwa nayo kila mwanadamu. Wazazi waliozaa watoto wengi walijua haya kabla ya vitabu: huyu alikuwa akilala na kunyonya kwa wakati, yule alikuwa akilia kwa kila upepo, na wa tatu hakumkubali mgeni mpaka amwone mara tatu. Mjini New York, tangu mwaka 1956, madaktari wawili, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, waliwafuata watoto tangu uchanga wao wakiandika tabia zao. Waliona kwamba kiasi cha 40 katika kila 100 walikuwa wepesi wa kulea, 10 walikuwa wazito, 15 walikuwa wa polepole katika kuzoea jambo jipya, na waliobaki walichanganya haya na haya. Na fundisho lao kubwa ni hili: hulka si njema wala si mbaya kwa nafsi yake, shari huzuka pale mtoto anapotakiwa awe asivyo. Mtoto wa polepole akipewa muda huzoea; akisukumwa hujifunga.

Mtoto mwenye usonji naye ana hulka yake. Usonji haufuti tabia aliyopewa na Mola wake. Wako wapole na wako wakali. Wako wanaopenda kuwa karibu na watu ingawa hawajui namna ya kusema nao, na wako wanaopendelea upweke. Wako wacheshi, na wako wenye inda. Ni kweli kwamba waliochunguza wameona kuwa wenye usonji, kwa ujumla, huelekea zaidi kujitenga na kufadhaika upesi; lakini kauli ya jumla haimhukumu mtoto mmoja. Mzazi asiseme, "Huyu ana usonji, basi hapendi watu." Amtazame mwanawe, wala asimtazame mtoto wa kitabuni.

Jambo la tatu ni hofu. Hofu si hulka, wala si usonji wenyewe. Huja na kuondoka, huzidi na kupungua, na mara nyingi yatibika. Hapa ndipo penye faida kubwa kwa mzazi. Akiamini kwamba makelele na kujiuma na kukataa chakula ni "usonji tu", atakata tamaa akaacha. Lakini akijua kwamba nyuma ya hayo pana hofu, atauliza hofu ya nini, na akiijua atapata la kufanya.

HOFU HIYO YATOKA WAPI?

Mwaka 2011 yalikusanywa matokeo ya uchunguzi 31, wa watoto na vijana wenye usonji zaidi ya 2,000, ikaonekana kwamba karibu 40 katika kila 100 walikuwa na hofu iliyofikia kiasi cha kuhesabiwa maradhi. Iliyozidi ni hofu ya kitu maalumu, kama mbwa, radi, sindano au mlio fulani. Nyuma yake ni hofu ya kuwa mbele za watu, na wasiwasi wa kurudia rudia mambo. Sababu zake ni nyingi, lakini nne ndizo zilizo wazi.

Ya kwanza ni kutojua litakalokuja. Sisi wengine, tukiambiwa leo tutasomea nyumba ya jirani, akili zetu huyajaza yaliyobaki: patakuwa na mikeka, patakuwa na mwalimu yule yule, na Alasiri tutarudi kwetu. Yeye hana wepesi wa kuyajaza hayo. Kwake, mlango mpya ni shimo la giza. Na swali lile la "tutatoka adhana ya Alasiri?" halikuwa ujuba wala usahaulifu; alikuwa anashika kamba ili asizame.

Ya pili ni mwili unaohisi mno. Sauti za watoto 30 wakisoma pamoja, ambazo kwetu ni furaha, kwake zaweza kuwa kama kupigiwa bati sikioni. Kipaza sauti cha msikitini, feni ibanayo, manukato ya udi, shati jipya la Idi lenye kibandiko shingoni, fataki za watoto mtaani: kila kimoja chaweza kuwa adhabu. Na aliyeadhibiwa pahali mara moja huogopa kurudi pahali hapo.

Ya tatu ni kutowaelewa watu. Mtu akicheka, yeye hajui kama anachekwa au anafurahiwa. Akiisha kukosea mara nyingi, huingia kila baraza na moyo unaodunda.

Ya nne, nayo yatuhusu sisi, ni dhihaka na kipigo. Mtoto anayeitwa zezeta na wenziwe, kisha akachapwa na mwalimu wake, hahitaji sababu nyingine ya kuogopa.

Tena mtoto huyu mara nyingi hawezi kusema "naogopa". Wako wasio na maneno, na wako wenye maneno mengi lakini hawajui kulipa jina lile linalowaungua kifuani. Kwa hivyo hofu hutokea kwa milango mingine. Mzazi aangalie alama hizi: kuuliza swali moja bila ya kuchoka, maumivu ya tumbo kila asubuhi ya kwenda skuli, kukosa usingizi, kuyumba au kupiga makofi kuliko desturi yake, kukimbia, kujipiga, au kunyamaza kabisa yule aliyekuwa akisema. Hizi zikizuka upya au zikizidi, mtoto anazungumza nawe. Na daktari naye aulizwe, maana jino bovu au sikio linalouma huweza kuleta alama hizo hizo kwa mtoto asiyejua kushitaki maumivu.

NENO JUU YA WASIWASI

Lugha yetu imelichukua neno wasiwasi kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono, na Kurani imetaja mnong'ono wa Shetani. Kwa sababu hiyo, mtoto akitia udhu mara 7, akanawa mpaka ngozi ikachubuka, au akaanza takbiri mara 10, wazee husema Shetani amemwingia. Lakini wanachuoni wetu wa zamani waliona mbali zaidi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya za miili na nafsi, akasema ndani yake juu ya hasira, hofu, huzuni na wasiwasi kama mambo yanayotibiwa, tena yanayotibiwa kwa maneno na mazoezi ya fikira pamoja na dawa za mwili. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita na Mwislamu.

Mtoto wa namna hii asikaripiwe, wala asiachwe arudie anavyotaka. Afundishwe kanuni ya fikihi iliyo nyepesi: kuosha mara tatu ndio mwisho, na yakini haiondolewi na shaka. Watoto wenye usonji wengi hupenda kanuni iliyo wazi. Tukiwapa kanuni ya dini yenye mpaka, mpaka huo huwa ni rehema kwao. Na wasiwasi ukiwa umekwisha mshika sana, apelekwe kwa mtaalamu wa mambo ya nafsi.

DINI YATWAMBIA NINI?

Sisi hatukatai kuwako kwa majini, maana Kurani imewataja. Wala hatukatai kumwombea dua mgonjwa, kwani ni suna. Tunachokikataa ni kumchukua mtoto huyu kwa waganga wa ngoma na pepo, kumfukiza moshi mpaka akakohoa damu, kumfunga kamba, na kumpiga eti jini limtoke. Hayo si dini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kujitibu. Na mtoto anayeogopa makelele na watu wageni, akipelekwa usiku kwenye makelele na watu wageni, atazidi kuogopa. Kisha wenyewe wataitaja hofu hiyo kuwa ni ushahidi wa jini.

Kalamu imeondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe, na kwa aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Ndivyo alivyofundisha Mtume. Ikiwa Mola wake hamwandikii dhambi, sisi twaipata wapi haki ya kumhesabia kila kosa kwa bakora?

Tena tumtazame Mtume mwenyewe. Amepokea Anas bin Malik (R.A.) kwamba mwanamke mmoja wa Madina aliyekuwa na upungufu katika akili alimwambia Mtume kuwa ana haja naye. Mtume alimpa khiari ya kuchagua njia yoyote ya mji aitakayo, akasimama naye hapo mpaka akamaliza haja yake. Hakumwita yeye aje pahali pamtiapo hofu, alikwenda alikotaka. Huyo huyo Anas alimtumikia Mtume miaka 10 tangu udogo wake, asisikie kwake neno la karaha. Na Mtume alikuwa akiingia katika sala akitaka kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha kwa kumhurumia mamake. Kiongozi wa umma mzima aliibadili sala ya jamaa kwa kilio cha mtoto mmoja. Nasi hatutaki kupunguza kipaza sauti!

Tusisahau na Abdullah bin Umm Maktum, kipofu, ambaye kwa sababu yake iliteremka sura ya Abasa kumzindua Mtume alipogeuza uso. Baadaye alikuwa mwadhini, na Mtume alipotoka Madina alimwachia mara nyingine uongozi wa mji. Mwenye upungufu wa kiungo hakupewa sadaka tu, bali alipewa kazi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, nyumbani. Siku ya mtoto iwe na mpango unaojulikana, na sala tano ni msaada mkubwa katika hili, maana siku ya Mwislamu tayari ina vigingi vyake. Mpango huo uchorwe au uandikwe pahali anapouona: amka, udhu, sala, chai, skuli. Likija badiliko, aambiwe mapema na kwa maneno machache, na kama yawezekana aonyeshwe pahali penyewe siku moja kabla. Ramadhani inapokaribia, ambapo chakula na usingizi wa nyumba nzima hugeuka, aanze kuelezwa tangu Shaabani.

Pili, chuoni na skulini. Apewe pahali pake, pasiguswe. Aruhusiwe kutoka sauti zikimzidi, na kurudi bila ya kuulizwa. Amri iwe moja moja, kwa sauti ya kawaida. Asilazimishwe kutazama usoni. Huenda akasikia vizuri zaidi akitazama chini. Na wenziwe waelezwe, maana watoto wakiambiwa kweli huwa na huruma kuliko watu wazima.

Tatu, msikitini. Asianzishwe kwa sala ya Ijumaa. Apelekwe kwanza wakati msikiti u mtupu, aguse mazulia, aone mihirabu, akae na babake kimya. Kisha sala ya Adhuhuri siku ya kawaida, safu ya nyuma, karibu na mlango. Asiyeweza, asilaumiwe, na babake asitazamwe kwa jicho la ukali mtoto akipiga kelele. Jicho hilo limewafukuza wazazi wengi misikitini.

Nne, hospitali. Mzazi akiona mwanawe haitiki jina lake, hasemi kama wenziwe, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, asingoje eti "atakua tu". Aende kwa daktari wa watoto, amwombe ampeleke kwa mwenye ujuzi wa mambo haya. Dawa ya kuuondoa usonji hakuna, na anayeiuza ni mwongo. Lakini mafundisho ya mapema ya kusema na kucheza humfaa mtoto. Ama hofu, iko tiba yake ya mazungumzo na mazoezi, ambayo mtoto hufundishwa kuikabili kidogo kidogo kile akiogopacho, pamoja na mzazi wake. Nayo imeonekana kuwapunguzia hofu wengi wanaoweza kuzungumza. Na pengine daktari huona haja ya dawa. Hiyo itolewe na daktari tu.

Tano, wazazi wenyewe. Mama asiachiwe peke yake. Baba asikimbie, na nyanya na mashangazi wasimtie mama lawama bali wamshike mtoto saa moja apate kulala. Mzazi aliyechoka kupita kiasi hawezi kumtuliza mtoto mwenye hofu.

MWISHO WA DONALD, NA WA MTOTO WETU

Msomaji atauliza, yule Donald aliishia wapi? Mwaka 1937 wazazi wake walishauriwa wamweke katika nyumba ya kulelea watoto mbali na kwao, naye huko akasinyaa. Baada ya mwaka mmoja walimtoa. Baadaye alikaa na mkulima mmoja na mkewe, watu wa kawaida wasio madaktari. Waliona ana hamu ya kupima pima kila kitu, wakampa kazi ya kuchimba kisima na kusema kina chake. Waliona ana hamu ya kuhesabu, wakamwambia ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Kanner alipokwenda kumtazama mwaka 1945 alimkuta akiongoza farasi na jembe, analima na kuhesabu. Watu wale hawakuupiga vita usonji wake, bali waliutafutia shamba. Donald alimaliza masomo ya juu mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wao, akajifunza kuendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Ni kweli kwamba wazee wake walikuwa na mali, na si kila mtoto atafika alikofika. Lakini mkulima yule hakutumia mali, alitumia macho.

Nasi tulikwenda kwa yule mtoto wetu asubuhi ya pili, tukakaa uani kwao chini ya mwembe, hatukumwita. Tulikaa siku tatu namna hiyo. Siku ya tatu alitoka, akasimama mbali, akauliza: "Maalim, paa limekwisha?" Tukamjibu kwamba litakwisha Alhamisi, na Jumamosi mkeka wake utakuwa pale pale mlangoni. Jumamosi alikuja. Mamake alituomba radhi kwa kutotwambia mapema. Tulimwambia kwamba anayestahili kuomba radhi ni sisi, na tukamwomba mtoto mwenyewe, ingawa hatujui aliyafahamu kiasi gani.

Sasa ni kijana, amehifadhi juzuu 11. Bado hawezi kukaa katika Maulidi yenye matari, na hatumlazimishi. Bakora tumeitundika ukutani, kisha tumeona hata pale ukutani inawatisha wengine, tukaiondoa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyowatenda watoto kwa ujinga, awape wazazi wao subira na rizki, na atujaalie kuwa amani kwa kila mwenye hofu. Amin. Wabillahi tawfiki.